Mgonjwa Huulizwa Uji: Sheria, Ridhaa na Lugha Hospitalini

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hii imejaa huruma. Aliyelemewa na maradhi hana nguvu za kuchagua wala za kuomba. Ampendaye humpikia, humpoozea na kumnywesha bila kumchosha kwa maswali. Hekima hiyo ilitosha maadamu aliyeshika kikombe alikuwa mama, dada au mke, na kilichomo kikombeni kilikuwa uji. Leo aghalabu aliyeshika kikombe ni mtu asiyemjua mgonjwa hata kwa jina, na badala ya uji mna dawa ya ganzi, damu ya mtu mwingine au makali ya kisu. Hapo ndipo sheria za afya zilipoingia na kuipindua methali: mgonjwa sharti aulizwe.

Nchini Kenya mapinduzi hayo hayakuja kwa siku moja. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni zao la ukoloni, nayo ilijishughulisha zaidi na kuzuia magonjwa ya kuambukiza na uchafu kuliko kumsikiliza mgonjwa. Ilikuwa sheria ya kuulinda mji dhidi ya mgonjwa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyomweka mgonjwa mwenyewe katikati. Ibara ya 43 ilimpa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, ikaongeza kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ikatoa mkataba wa kitaifa wa haki za wagonjwa, na mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Afya, ambayo iliyakusanya mengi ya hayo mahali pamoja na kuyapa meno.

Jambo la kufurahisha kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ni kwamba sheria hiyo haikuitupa methali yote. Iliigawa. Katika dharura, methali ingali hai. Mtu aliyegongwa na gari, anayevuja damu na asiyejitambua, haulizwi uji, anatibiwa kwanza. Haulizwi pesa pia. Kifungu cha 7 kinasema kwamba kituo cha afya chenye uwezo wa kutoa matibabu ya dharura kikikosa kuyatoa kimetenda kosa, na kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Wakenya hawajasahau kisa cha Oktoba 2015, pale majeruhi wa ajali alipozungushwa jijini Nairobi ndani ya ambulensi kwa takriban saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, hatimaye akafa. Haki ya matibabu ya dharura ilikuwa imo katika Katiba kwa miaka mitano wakati huo. Kilichokosekana si maandishi.

Nje ya dharura, hata hivyo, sheria inadai swali. Kifungu cha 8 kinamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia zote za uchunguzi na matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa. Kisha yanafuata maneno ambayo kila mwanafunzi wa lugha angepaswa kuyahifadhi: maelezo hayo sharti yatolewe, kabla ya uamuzi wowote, kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kujua kusoma na kuandika. Kifungu cha 9 kinakaza fundo. Ridhaa inayotambuliwa na sheria ni ile inayotolewa na mtu aliyekwisha kuelezwa kama kifungu cha 8 kinavyotaka. Kwa maneno mengine, sahihi iliyotiwa chini ya maandishi ambayo mtiaji hakuyaelewa wala hakuelezwa ni wino tu.

Tukio moja katika hospitali ya kaunti magharibi mwa nchi linaonyesha uzito wa maneno hayo. Mama wa makamo alikuwa amelazwa kwa ajili ya upasuaji. Kwa miezi mingi alikuwa amevuja damu kupita kiasi, na picha ilikuwa imeonyesha uvimbe katika uzazi. Kando ya kitanda alikaa binti wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo kikuu. Muuguzi aliyekuwa zamu, ambaye siku hiyo aliihudumia wadi nzima karibu peke yake, alimletea karatasi na kalamu.

“Mama, weka sahihi hapa ili tukutayarishe.”

“Hapa pameandikwa nini, mwanangu?”

“Ni karatasi ya operesheni tu, mama. Kila mtu huijaza.”

Mama akaishika kalamu. Binti akaomba aisome karatasi kwanza. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na katikati yake, kwa mwandiko wa haraka, palikuwa na neno moja refu lenye asili ya Kiyunani. Binti alilijua, akajitahidi kulitafsiri.

“Shangazi, wanasema watatoa uterasi.”

“Uterasi ndiyo nini?”

“Ni mfuko wa uzazi, shangazi.”

Uso wa mama haukubadilika. Kwake mfuko ulikuwa mfuko. Huenda ndiyo mliomokaa ule uvimbe. Binti akatafuta neno jingine, lile ambalo bibi yake alizoea kulitumia jikoni.

“Nyumba ya mtoto, shangazi. Wataitoa nyumba ya mtoto.”

Mama akaiweka kalamu juu ya blanketi. “Yote?”

Swali hilo la neno moja ndilo ambalo sheria ya 2017 ilitungwa ili liulizwe. Mama alikuwa ameelewa kwamba utaondolewa uvimbe, basi. Daktari aliitwa, akaja, akaketi. Akaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba ziko njia mbili: kuondoa uvimbe pekee, ambao ungeweza kuota tena, au kuondoa nyumba ya mtoto yote, ambako kungekomesha kuvuja damu lakini pia kungefunga mlango wa kuzaa. Mama aliomba usiku mmoja wa kufikiri na kuzungumza na mumewe kwa simu. Asubuhi alitia sahihi kwenye karatasi ile ile, akakubali upasuaji ule ule. Mtazamaji wa mbali angesema hapana kilichobadilika isipokuwa ratiba ya chumba cha upasuaji kuvurugika. Lakini kilichobadilika ni kikubwa. Jana yake mama angefanyiwa jambo; siku hiyo aliliamua.

Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia kuitaja tofauti hiyo, nayo hutumiwa ovyo kana kwamba ni pacha: idhini na ridhaa. Yote mawili yametoka Kiarabu. Idhini ni ruhusa. Hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo. Ridhaa ni ndugu wa radhi, kuridhika na kuridhisha. Inakaa moyoni kabla ya kufika mkononi. Sahihi kwenye karatasi yaweza kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Haiwezi, peke yake, kuthibitisha ridhaa, kwa sababu moyo hauwezi kuridhia usichokijua. Hospitali inayohifadhi karatasi zenye sahihi bila kumweleza mgonjwa imeweka akiba ya idhini zisizo na ridhaa, na mahakamani akiba hiyo huenda isinunue kitu.

Hilo si jambo la kubuni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi iliyowasilishwa mwaka 2014 na mwanamke aliyekuwa akiishi na virusi vya UKIMWI, ambaye alifungwa uzazi wakati wa kujifungua. Mahakama ilikubali kwamba hilo lilifanywa bila ridhaa yake ya kweli na kwamba haki zake zilikiukwa. Yeyote asemaye kwamba lugha ya fomu ni jambo dogo la karani na aitafakari hukumu hiyo. Mwanamke alipoteza uwezo wa kuzaa tena. Kilichobishaniwa baadaye kilikuwa ni kama aliulizwa, na kama aliulizwa, vipi.

Sasa ni vyema kugeuka na kuutazama ukuta wa hospitali. Karibu na dirisha la mapokezi aghalabu hutundikwa leseni iliyotiwa katika fremu ya kioo. Leseni ya kituo hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo hadi 2019 liliitwa bodi. Nayo inaonyesha kiwango cha kituo, kwani huduma za afya nchini zimepangwa katika viwango 6: cha 1 ni huduma za jamii vijijini, cha 2 ni zahanati, cha 3 ni vituo vya afya, cha 4 na cha 5 ni hospitali za kaunti, na cha 6 ni hospitali kuu za rufaa za kitaifa. Leseni ni ruhusa ya kufungua mlango. Juu yake kuna ithibati, ambayo hospitali huitafuta kwa hiari ili ithibitishiwe ubora wake na chombo cha nje. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi, kwa mfano, ilipata mwaka 2013 ithibati ya shirika la Marekani liitwalo Joint Commission International. Miongoni mwa viwango vya shirika hilo ni kwamba ridhaa ya mgonjwa ipatikane kwa namna na lugha ambayo mgonjwa anaweza kuielewa. Kwa hiyo sheria ya nchi na ithibati ya kimataifa zinakutana papo hapo, kwenye kitanda cha yule mama na neno “yote”.

Ugumu ni kwamba mambo mengine hukaguliwa kwa macho ilhali hili halionekani. Mkaguzi anaweza kuhesabu vitanda, kufungua mfereji wa maji, kudai leseni ya kila muuguzi na kuchungulia shimo la taka. Fomu ya ridhaa akiifungua, ataiona imejazwa. Ili ajue kama ilieleweka, hana budi kumwendea mgonjwa na kumuuliza swali jepesi: “Mama, utafanyiwa nini kesho?” Jibu la swali hilo ni kipimo cha utiifu wa sheria kinachoshinda rundo la karatasi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya nacho kinataka utaratibu wa kuwasilisha malalamiko ubandikwe mahali ambapo kila aingiaye atauona. Kubandika ni rahisi. Kubandika tangazo ambalo mlalamikaji hawezi kulisoma ni kumfungulia mlango uliochorwa ukutani.

Haitakuwa haki kuwatwika wauguzi na madaktari lawama zote. Wamefunzwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza ya chuo hadi ya mwisho. Vitabu vyao, mitihani yao na fomu walizozikuta kazini ni vya Kiingereza. Aliye peke yake katika wadi iliyofurika hana nusu saa ya kumpa kila mgonjwa. Isitoshe, hakuna aliyemkabidhi msamiati. Ibara ya 7 ya Katiba ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini Katiba haitafsiri fomu.

Kwamba kazi hiyo inawezekana, historia ya karibuni ni shahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya VCT vilipoenea nchini, jamii ililazimika kuzungumzia jambo gumu kuliko uvimbe wowote. Mwaka 2006 ikatungwa Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, iliyopiga marufuku kumlazimisha mtu kupimwa na ikataka apewe ushauri kabla na baada ya kipimo. Katika kipindi hicho maneno kama ushauri nasaha, kupimwa kwa hiari na dawa za kupunguza makali yalitoka katika semina yakaingia redioni, makanisani, misikitini na ndani ya matatu. Bibi asiyejua kusoma aliweza kueleza maana ya hiari. Kiswahili hakikushindwa, kilitumwa, kikafika.

Kazi iliyobaki ni ya watu wa lugha, na ina mtego wake. Mtego ni kudhani kwamba kutafsiri fomu kwa Kiswahili sanifu kunatosha. Neno “uterasi” ni la Kiswahili, limo kamusini, na yule mama hakulielewa hata chembe. “Mfuko wa uzazi” lilikaribia, likapita kando. “Nyumba ya mtoto” ndilo lililofika. Sheria haikusema lugha rasmi. Ilisema lugha anayoielewa mgonjwa. Kwa mgonjwa wa Lodwar au Mandera huenda hiyo isiwe Kiswahili kabisa, bali Kiturkana au Kisomali, na mpenzi wa Kiswahili anayeidai haki ya lugha yake hana budi kuitetea na ya jirani yake. Istilahi za tiba zilizoundwa mezani zisiende kwenye fomu kabla ya kusomewa wanawake sokoni na wazee barazani, na kuulizwa wameelewa nini.

Idara za Kiswahili hutoa kila mwaka tasnifu nyingi kuhusu tafsiri na uundaji wa istilahi. Kama sehemu ya juhudi hiyo ingeelekezwa kwenye fomu moja tu, ya upasuaji wa kawaida, ikajaribiwa wadini pamoja na wauguzi wenyewe, ingeweza kumfaa mtu usiku huu huu. Maana kuna mgonjwa mahali fulani aliyepewa kalamu, naye ni mnyenyekevu, amefunzwa tangu utotoni kwamba mgonjwa haulizwi uji. Hatauliza. Ni sharti aulizwe, tena kwa neno analolijua.