Mkulima wa Kompyuta na Mkulima wa Mwatate

Barabara ya kutoka Wundanyi, nchini Kenya, inashuka kwa kona kali, na kila kona joto linazidi. Juu nimeacha matuta, migomba na mboga. Huku Mwatate ni mkonge mistari kwa mistari, halafu mahindi na pojo kwenye udongo mwekundu.

Mteremko huu uliwahi kuigwa kwenye kompyuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, chenye kituo chake Wundanyi, waliigawa ardhi kuwa viraba vidogo na kukipa kila kimoja uwezekano wa kulimwa, kwa kutazama mambo kama umbali wa barabara na soko. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalisema kwamba mwendo usipobadilika, kufikia 2030 kilimo kitachukua takriban asilimia 60 ya eneo hilo, na mashamba mapya yatafunguliwa zaidi huku bondeni. Kwa mpangaji wa maji au barabara, hiyo ni hazina.

Lakini kiraba hakikeshi kikilinda shamba. Mama mmoja alinionyesha nyayo za tembo kwenye mpaka wake, pana kama sinia. Mahindi ameyapanda machache, karibu na nyumba; kwingine kote ni pojo. “Mwanangu, pojo hukomaa upesi,” aliniambia. “Navuna, nalala.” Shamba lake liko karibu na barabara, na hesabu ya umbali ingeliona ni zuri tu.

Katumani, kule Machakos, njia ya kuiga kilimo kwenye kompyuta ilikuwa nyingine. Miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Australia waliuiga mmea wa mahindi wenyewe, siku baada ya siku: mvua, udongo, mbolea, idadi ya miche. Uamuzi waliuacha kwa mtu. Na mwaka 2001, Masvingo nchini Zimbabwe, watafiti waliketi na wakulima, programu ya aina hiyo ikiwa mbele yao, wakulima wakauliza: nikitia mbolea hii kidogo mwaka wa mvua haba, je?

Njia hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ningetaka iletwe Mwatate. Mama yule swali analo tayari: akipanda pojo mvua za vuli zinapoanza tu, atawahi kuvuna kabla ya tembo kufika?