Gari Kuukuu na Daftari Lake

Wako watu wengi wanaoamini kwamba gari likiisha kupita kilomita laki mbili halifai tena ila kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma, na mtu anayeendelea kulitumia huonekana ama ni bahili ama ni fukara. Wazee walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na kweli hakuna asiyependa kitu kipya. Lakini mimi ni karani wa serikali, kazi yangu ni kuandika hesabu na kutunza majalada, na hesabu zangu mwenyewe zimenifundisha neno lililo tofauti. Napenda kulieleza hapa kwa faida ya wakulima na makarani wenzangu walio na gari la zamani, au wanaofikiri kulinunua.

Kwanza na tutazame hali ilivyo kwetu. Mtu akisimama asubuhi penye njia panda ya Rongo, mahali ambapo barabara ya Homa Bay huachana na barabara kuu iendayo Awendo, Migori na Isebania, ataona kwamba magari mengi yanayopita si mapya. Ataona Probox zikichukua abiria na magunia, na Corolla za walimu na wafanya biashara ambazo zimefanya kazi miaka zaidi ya ishirini. Probox ilianza kutengenezwa Ujapani mwaka 2002. Tena kanuni za Kenya hukataza kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo hata lile tunaloliita jipya siku linapoteremshwa Mombasa, mara nyingi lina umri wa miaka saba, na mtu mwingine amekwisha kulitumia. Basi swali kwetu si kama tutatumia magari yaliyotumika au la. Swali ni namna ya kuyatunza.

Jambo hili si geni katika sehemu zetu. Zamani Migori na Homa Bay zilipokuwa bado katika wilaya moja ya South Nyanza, wazee walisafiri katika Peugeot 404, na baadaye 504. Peugeot 404 zilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na watu wakazisifu kwa nguvu zake. Lakini nguvu ya chuma peke yake haitoshi. Zile zilizodumu zilikuwa na mwenyewe aliyezijua vizuri.

Gari langu ni Corolla iliyotengenezwa mwaka 1998. Nililinunua mwaka 2016 kwa mwalimu mmoja aliyestaafu, kwa Sh. 280,000, nalo lilikuwa limekwenda kilomita 212,000. Mwisho wa mwaka 2024 lilikuwa limefika kilomita 391,000. Nyumba yangu iko karibu na Rongo, katika kaunti ya Migori, na ofisi yangu iko Homa Bay. Kwa hiyo kila siku ya kazi hushuka kwenda ziwani asubuhi, na jioni hupanda kurudi nyumbani. Siku za Jumamosi huchukua mahindi, mbolea, au wagonjwa.

Msomaji huenda akauliza, je, hesabu ya kilomita si ndiyo umri wa gari? Sivyo kabisa. Injini huchakaa zaidi inapowashwa ingali baridi, kabla mafuta yake hayajaenea mahali pote. Gari lililokwenda mwendo mrefu wa barabara kuu, kilomita 300,000, laweza kuwa zima kuliko lile lililokwenda 120,000 kwa safari fupi fupi za sokoni, likiwashwa na kuzimwa mara kumi kwa siku. Tena mita yenyewe yaweza kurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu. Mnunuzi mwenye busara hutazama mpira wa kikanyagio cha breki, usukani, na kiti cha dereva. Ikiwa vyote vimelika na mita inasema kilomita 70,000 tu, basi kuna neno. Kwa gari lililotoka Ujapani, na aombe kuona cheti cha kulitoa nchini humo, kwa maana huandikwa ndani yake kilomita zilizosomwa.

Mwalimu yule aliponikabidhi ufunguo alinipa pia daftari la kurasa 200, lenye jalada jeusi. Humo alikuwa ameandika kila kazi iliyofanywa tangu alipolipata gari: tarehe, kilomita, kazi, na bei. Aliniambia, "Ndugu yangu, ukilipoteza daftari hili, utakuwa umenunua gari jingine." Methali yasema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeona ukweli wake. Daftari hilo lilijaa mwaka 2020, nikaanza la pili.

Faida ya daftari ni hii. Kila nijazapo petroli huandika lita na kilomita. Nikitia lita 32 baada ya kwenda kilomita 416, najua kwamba kila lita imenipeleka kilomita 13, na hiyo ndiyo kawaida ya gari langu. Mwaka 2022 niliona kwamba lita 32 zile zile zilinipeleka kilomita 336 tu, yaani kilomita kumi na nusu kwa lita. Gari halikupiga kelele wala kutoa moshi. Daftari tu ndilo lililosema. Nilipogusa magurudumu baada ya safari, moja la nyuma lilikuwa la moto kuliko mengine, kwa kuwa breki yake ilikuwa haiachii. Fundi aliitengeneza kwa Sh. 1,200. Kama nisingeandika, ningeendelea kununua petroli ya bure kila juma, mpaka breki yenyewe iharibike njiani.

Katika daftari hilo mafuta ya injini yameandikwa mara 36 tangu mwaka 2016, maana yake kila kilomita 5,000. Watu wengine huongeza tu yanapopungua. Lakini mafuta ya zamani hujaa uchafu na kupoteza utelezi wake, na kuongeza mapya juu yake ni kama kumimina maziwa safi katika kibuyu kisichooshwa. Wenye Probox na wazingatie neno hili zaidi, kwa sababu injini zake huendeshwa kwa mnyororo wa ndani unaotegemea usafi wa mafuta hayo. Injini kama yangu ina mkanda wa mpira badala ya mnyororo, nao yafaa ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, gari husimama pale pale, na katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni, hasara ikawa kubwa.

Adui mkubwa wa magari ya kwetu, hata hivyo, ni maji. Wengi hutia ndani ya rejeta maji ya mto, ya kisima, au ya ziwa. Maji hayo huleta kutu na magamba, ambayo huziba njia nyembamba za rejeta kama vile magamba yanavyojaa katika birika la chai. Kisha gari linapopata moto, fundi wa kando ya barabara huondoa themostati, kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto lake, akasema kwamba hakina kazi katika nchi ya jua. Kazi kinayo. Injini isiyofikia joto lake hutumia petroli nyingi na kuchafua mafuta upesi. Dawa ni kusafisha rejeta, kutia maji yenye dawa ya kuzuia kutu, na kuangalia mipira na kifuniko chake.

Mwezi wa Februari mwaka 2020, nikipanda kutoka Homa Bay katika joto la alasiri, karibu na Rodi Kopany, niliona mshale wa joto ukipita mahali pake pa kila siku. Abiria wangu walinisihi tuendelee kwa kuwa Rongo si mbali. Nilisimama, nikazima injini, tukangoja karibu saa nzima bila kufungua kifuniko, kwa maana maji ya moto yaliyobanwa huruka na kuunguza uso. Mpira mmoja ulikuwa umepasuka ufa mdogo. Mpya uligharimu Sh. 450. Wale waendeleao na safari katika hali hiyo hupinda kichwa cha injini, na kazi hiyo hula mshahara wa mwezi mzima au zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa nifikie hesabu kubwa. Mwaka 2023 rafiki zangu ofisini walinishauri niliuze gari na kukopa Sh. 900,000 katika chama chetu cha ushirika nikanunue lililo jipya zaidi. Nilikaa usiku mmoja na mke wangu tukaandika. Mkopo huo, kwa faida ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya deni linalobaki, kwa miezi 48, ungetaka karibu Sh. 23,700 kila mwezi, yaani Sh. 284,400 kwa mwaka. Daftari lilionyesha kwamba matengenezo yote ya gari langu, pamoja na matairi lakini bila petroli na bima, yalikuwa yakichukua kadiri ya Sh. 71,000 kwa mwaka. Tena gari jingine nalo lingetaka mafuta na matairi yake. Mwaka ule binti yetu wa kwanza alikuwa akiingia shule ya sekondari ya bweni. Mke wangu aliifunika kalamu akasema, "Baba, gari litatupeleka Homa Bay, lakini mtoto huyu tunataka afike mbali zaidi." Basi tukaliacha gari mahali pake, na karo ikalipwa kwa wakati.

Lakini nisieleweke vibaya. Kuna mambo ambayo mtu haruhusiwi kuyafanyia ubahili, nayo ni breki, usukani na matairi. Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa Mei mwaka 2019, jirani alinigongea mlango saa nane. Mke wake alikuwa na uchungu wa kuzaa. Tulikwenda hospitali katika matope meusi na giza, nami nikijua moyoni kwamba roho mbili zilikuwa zikitegemea mpira na chuma vya gari langu. Mtoto alizaliwa salama kabla ya mapambazuko. Tangu siku ile sijanunua tena tairi lililotumika. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni. Zikisomeka 2319, lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na huku mpira wake umekwisha kuzeeka.

Kadhalika, gari la watu watano lililopakiwa watu kumi na magunia juu halina utunzaji utakaoliponya. Springi huvunjika, breki hushindwa, na abiria ndio walipao. Na kutu ikiisha kula chuma cha chini kinachobeba gari zima, hapo mwenyewe na akubali kwamba siku zake zimekwisha. Matope ya udongo mweusi yakiachwa chini ya gari hushika unyevu. Yafaa yaoshwe mapema.

Huko Marekani alikuwako mwalimu mmoja, Irv Gordon, aliyenunua gari la Volvo mwaka 1966. Mwaka 2013 lilitimiza maili milioni tatu, nayo ni zaidi ya kilomita milioni nne na laki nane. Hakuwa tajiri wala hakutumia uganga wowote. Alifuata maagizo ya kitabu cha gari na kubadilisha mafuta kwa wakati wake. Nasi makarani na wakulima twaweza kufanya hivyo. Mkulima mwema hangoji ng'ombe wake wa plau aanguke ndipo amtazame kwato. Ndugu msomaji, nunua daftari leo, andika tarehe na kilomita katika mstari wa kwanza, kisha fungua boneti utazame mafuta na maji kabla ya kuwasha injini kesho asubuhi.