Kutoka Kaloleni Hadi Mlima Kenya

Wakazi wa Kaloleni, Makongeni na Jericho, mitaa ya mashariki ya Nairobi, huweza kuuona Mlima Kenya asubuhi isiyo na mawingu. Safari ya kuuendea si ya wageni peke yao. Baba, mama na watoto husafiri kwa gari la abiria hata Naro Moru, mji mdogo ulio upande wa magharibi wa mlima, wakalala hapo. Kesho yake gari huwafikisha kwenye lango la hifadhi, kisha huenda kwa miguu pamoja na kiongozi, kwani msituni mna nyati, mpaka kambi ya Met Station, mita 3,050.

Atakaye kwenda juu zaidi asifanye haraka, maana hewa ni nyepesi. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikizidi, dawa ni kushuka mara moja. Mtoto mdogo hawezi kueleza ugonjwa wake; mzazi na amwangalie daima.

Kilele cha Lenana, mita 4,985, ndipo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya huru mwaka 1963. Lakini jamaa waliofika kambini tu na kurudi salama hawakosi sifa, mlima haukimbii.