Mauritius, Kisiwa Kilichojengwa kwa Sukari

Anayetua Mauritius kwa ndege huona kijani kabla ya kuona kitu kingine chochote. Si kijani cha minazi na miembe tuliyoizoea huku kwetu Pwani, bali ni kijani cha aina moja tu, kilichotandazwa kama zulia kuanzia ukingoni mwa uwanja wa ndege hadi miguuni mwa milima. Ni miwa. Wasomaji wetu wanaopita barabara ya Lungalunga wameiona miwa ya Ramisi na huenda wakadhani wanaijua hali hiyo. Lakini Ramisi ni shamba ndani ya nchi, ilhali Mauritius ni nchi iliyochongwa ndani ya shamba.

Kilichotushangaza zaidi ya miwa yenyewe ni mawe. Katikati ya mashamba mna marundo ya mawe meusi yaliyopangwa kwa ustadi, mengine yakizidi kimo cha mtu mara mbili au tatu. Kisiwa hiki ni zao la volkano, na ardhi yake ilijaa mawe. Kabla ya mua mmoja kupandwa, ilibidi kila jiwe ling'olewe, libebwe na lirundikwe kando. Hapakuwa na mashine. Tuliuliza ni nani aliyeyabeba, tukajibiwa kwa ufupi kuwa ni mababu. Tukiwa wageni kutoka Afrika Mashariki, jibu hilo lilituhusu kuliko tulivyotazamia.

Mua wenyewe si mmea wa kisiwa hiki. Asili yake ni New Guinea, na Wahindi ndio waliojua kwanza namna ya kuchemsha maji yake hadi yakaganda na kuwa chembechembe. Neno letu “sukari” limepita Bara Hindi, Uajemi na Uarabuni kabla ya kutufikia. Katika dola za Kiislamu sukari ilihesabiwa kuwa dawa, na tena kitu cha fahari. Msafiri Nasir Khusraw, aliyekaa Misri katikati ya karne ya 11, ameeleza jinsi alivyoona katika karamu ya Idd ya Sultani mchungwa mzima uliotengenezwa kwa sukari, matawi, majani na matunda yake. Wazungu waliionja huko Sham wakati wa Vita vya Msalaba, wakaufuata mua hadi visiwa vya Atlantiki, na mwaka 1493 Columbus akauvusha hadi Karibi. Mauritius iliupata kwa Waholanzi, waliouleta kutoka Java mwaka 1639.

Kuna jumba la makumbusho ya sukari huko Pamplemousses, ndani ya kiwanda cha zamani cha Beau Plan ambacho kilisaga miwa hadi mwaka 1999. Bomba lake la moshi lingali limesimama, na mitambo mikubwa ya chuma imeachwa mahali pake. Mgeni hupitishwa kwanza kwenye habari za utumwa, kisha za vibarua, kisha za mitambo, na mwisho hupewa kijiko kuonja aina mbalimbali za sukari, kuanzia ya rangi ya dhahabu hadi ile nyeusi yenye unyevu na harufu kali. Tulionja, na kwa kweli ni tamu. Tulijiuliza tu kama waliopanga njia ile walifikiria mfuatano wake.

Ndani ya historia hiyo limo jina la Kilwa. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupelekewa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20. Walipelekwa kwenye kisiwa hiki, ambacho wakati huo kiliitwa Ile de France, na kwenye kisiwa jirani cha Bourbon ambacho leo ni Réunion. Haifai kulifunika jambo hili. Mnunuzi alikuwa Mfaransa, lakini aliyeuza alikuwa mtawala wa mji wa Waswahili wenye misikiti, tena misikiti mizuri. Wengi zaidi walitoka Madagascar na pwani ya Msumbiji. Wakati ule mua haukuwa bado zao kuu. Watumwa walijenga bandari, wakalima chakula na kuhudumia meli. Ni baada ya Waingereza kukitwaa kisiwa mwaka 1810, na hasa baada ya mwaka 1825, London ilipolegeza ushuru wa sukari yake, ndipo mashamba yalipokimeza kisiwa. Kufikia mwaka 1858 palikuwa na viwanda 259 katika nchi ambayo mtu aweza kuivuka kwa gari asubuhi moja na kurudi kabla ya adhuhuri.

Sheria iliyowasubiri wale waliofikishwa huko katika enzi ya Wafaransa ilikuwa amri ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1723. Mtumwa aliyetoroka mwezi mmoja alikatwa masikio na kupigwa chapa ya moto begani. Aliyerudia alikatwa mshipa wa nyuma ya goti. Wa mara ya tatu aliuawa. Amri hiyohiyo iliagiza kila mtumwa abatizwe, na ibada nyingine hadharani zilikatazwa. Basi kama miongoni mwa waliotolewa Kilwa walikuwamo waliolelewa kwa adhana, watoto wao hawakuisikia. Hata kumbukumbu yao imefutika, kwani katika madaftari watu wa makabila na miji mbalimbali ya bara letu waliandikwa kwa neno moja tu, “Mozambique”.

Utumwa ulifutwa tarehe 1 Februari 1835. Watu zaidi ya 60,000 walitangazwa huru, na serikali ya Uingereza ikalipa fidia ya zaidi ya pauni milioni 2. Fidia hiyo walipewa mabwana kwa kupoteza mali yao. Waliokuwa mali hawakupewa kitu, na kwa miaka minne zaidi walilazimishwa kubaki kazini kwa jina la “wanagenzi”. Upande wa kusini-magharibi upo mlima Le Morne, mwamba mkubwa uliotumbukiza miguu baharini, walikojificha watoro. Husimuliwa kuwa askari walipoupanda kuwapasha habari ya uhuru, watoro walidhani wamekuja kukamatwa, wakajirusha.

Nafasi yao mashambani ilikwisha kuanza kujazwa. Novemba 1834 meli iitwayo Atlas ilishusha vibarua 36 kutoka Bara Hindi, na wakafuatwa na karibu watu nusu milioni. Pale Port Louis, mahali paitwapo Aapravasi Ghat, bado zipo ngazi 16 za mawe walizozipanda kutoka mashuani. Tulizipanda polepole. Hao walikuwa na mkataba wa miaka mitano na mshahara, lakini aliyekosa kazi siku moja alikatwa ujira wa siku mbili. Wanawake walikuwa wachache mno miaka ya mwanzo, na kila aliyekuwapo alifanya kazi shambani kisha akaja kuwasha moto nyumbani. Tofauti moja ni kubwa: vibarua waliandikwa majina, vijiji na meli zao, na baadaye wakapigwa picha, hata leo mjukuu aweza kuuona uso wa bibi yake katika hifadhi ya nyaraka. Mjukuu wa mtu wa Kilwa hana pa kwenda kuuliza.

Waislamu wa Mauritius, ambao ni takriban mtu mmoja kati ya sita, wengi wao ni wa kizazi cha vibarua hao, pamoja na mabaharia na wafanyabiashara wa Kihindi. Tulisali katika Msikiti wa Jummah wa Port Louis, uliojengwa na wafanyabiashara kuanzia miaka ya 1850, kisha tukakaribishwa nyumbani na jamaa mmoja wa mtaa wa Plaine Verte. Chai ililetwa ikinukia vanila. Haikuwa na sukari. Kibakuli cha sukari kililetwa peke yake, kidogo, na kijiko chake kidogo kuliko vyetu.

Bibi mwenye nyumba alituona tukitazamana, akacheka. Mumewe ana kisukari. Mama yake alikuwa nacho na alikatwa mguu. Dada yake anacho. Si nyumba hiyo tu. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 1987 ulishtua wengi kwa kuonyesha jinsi kisukari kilivyoenea, na ule wa mwaka 2015 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya watano anacho. Hakikubagua: wajukuu wa Wahindi, wa Waafrika na wa Wachina wote wamo. Tusiseme kwamba sukari peke yake ndiyo iliyoleta maradhi hayo. Damu ya ukoo ina sehemu yake, na unene, vyakula vya mafuta na unga mweupe, na maisha ya kukaa vitini vina sehemu yao. Lakini babu aliyebeba mawe tangu alfajiri na mjukuu anayekaa ofisini hawawezi kunywa chai ya aina moja. Tangu mwaka 2013 serikali ya huko, katika nchi iliyoishi kwa kuuza sukari, inatoza ushuru kwa kila gramu ya sukari iliyomo ndani ya soda.

Tulipiga hesabu pale pale mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ni bora zaidi zikiwa chini ya 25, yaani kama vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 300 kwa kawaida ina gramu zaidi ya 30. Tukamweleza bibi yule futari yetu: uji wa sukari, sharbati, kaimati zilizolowa shira, mahamri, kisha chai yenye vijiko vitatu. Akauliza kama hayo yote ni ya usiku mmoja.

Akatueleza alivyofanya yeye. Hakuwakataza watu wa nyumba yake. Alipunguza robo kijiko kila baada ya mwezi na akaongeza iliki, mdalasini na vanila, mpaka siku moja akaacha kuitia sukari chai jikoni. Shira huipika nyepesi na kuimimina wakati wa kuandaa tu, kaimati haziachwi kulala ndani yake. Mwaka wa kwanza watoto walinuna, na shemeji yake mmoja alikuwa akija na sukari yake mfukoni. Siku hizi mumewe akialikwa mahali na kupewa chai tamu hunywa nusu, anaiacha.