Semina Nyingine

Mwezi Agosti mwaka 2019, jioni moja nikiwa barazani napukuchua mahindi hapa Dongobesh, nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akifanya kazi Arusha.

"Shikamoo, Mwalimu. Mwezi ujao kuna tamasha la waandishi Nairobi. Umetuambia habari za kitabu chako tangu tukiwa darasa la sita. Safari hii huna kisingizio."

Nilicheka, nikamwitikia marahaba, tukaagana. Lakini usiku ule sikulala. Mtu aliyekwisha kupita miaka sitini na mitano hukesha kwa sababu ya miguu, siyo kwa sababu ya furaha, na mimi sikuwa nimezoea kukesha kwa furaha.

Tamasha lenyewe liliitwa Macondo, nalo ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Mmoja wa waasisi wake ni Yvonne Adhiambo Owuor, mwandishi wa Kenya. Jina walilichukua katika riwaya ya Gabriel García Márquez wa Kolombia. Ni jina la mji usioonekana katika ramani yoyote. Jambo hilo lilinivuta. Hadithi zangu kumi na mbili, nilizoziandika katika madaftari ya shule, zilihusu vijiji vilivyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya sabini, na baadhi yake navyo havimo tena katika ramani. Tena nilisikia kwamba wangekuja waandishi wa nchi za Afrika zinazotumia Kireno. Tulipokuwa vijana tulichanga fedha kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji. Sasa ningewasikia watu wale wakisoma kazi zao.

Niliipanga safari kama nilivyokuwa nikipanga ratiba ya vipindi. Kutoka nyumbani hadi Babati, Babati hadi Arusha, kulala kwa mwanafunzi wangu, alfajiri kwenda Namanga, kisha Nairobi. Siku tano kwenda na kurudi. Mahindi yangekuwa yamekwisha kuingia ghalani na kulima kusingekuwa kumeanza. Lilibaki jambo moja tu. Jumamosi ile ile ukoo wetu ulikuwa na posa ya kijana wetu wa mwisho kule Katesh. Niliona mdogo wangu angeweza kukaa mahali pangu. Ni mtu wa maneno mazuri kuliko mimi.

Nilimweleza mama watoto tukiwa tunakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaosha mikono, akauliza, "Ni semina nyingine, Mwalimu?"

Hakulisema kwa hasira, na mgeni asingesikia chochote katika swali lile. Mimi nilisikia.

Baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza mwaka 1977, madarasa yalifurika na walimu wakuu tukawa watu wa njiani. Semina ya mitaala, semina ya hesabu za shule, kikao cha wilaya, kikao cha mkoa. Mwaka 1983 nilikuwa katika semina moja mbali na nyumbani wakati mwanetu wa pili aliposhikwa na surua. Simu kijijini haikuwapo. Ujumbe ulinifikia siku ya tatu, kwa dereva wa lori, na nilipofika kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Mke wangu hakunilaumu siku ile wala baadaye. Aliniwekea maji ya kuoga.

Basi nilimpigia yule kijana wa Arusha nikamwambia sitakwenda. Nitasema kweli: nilimpigia kwa uchungu, na wiki nzima niliwajibu watu wa nyumbani kwa mkato. Nilijiambia habari za Shaaban Robert, kwamba alikuwa karani wa forodha, mwajiriwa mwenye familia, na bado aliandika. Tena Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake. Lakini mfano wa mtu mkubwa hauliwazi sana unapokuwa umekaa juu ya gunia la mahindi.

Tulikwenda Katesh. Mlima Hanang ulikuwa wazi bila wingu, na mazungumzo ya mahari yalichukua muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, kwa sababu mdogo wangu ana maneno mazuri. Jioni, pombe ya asali ilipozunguka, mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alisimama akatoa slufay, ile dua ya Wairaqw inayosemwa kwa ushairi, yeye akitangulia na sisi tukiitikia. Nilikuwa sijaisikia ikisemwa yote kwa miaka mingi. Siku hizi sherehe nyingi zina spika na mwongoza shughuli, na wazee hupewa dakika mbili. Yule mzee hakupewa dakika; alisema mpaka alipomaliza. Nilitafuta kalamu mfukoni nikakosa.

Sitadai kwamba jambo lile lilinilipa Nairobi. Halikunilipa. Hadi leo nikisikia tamasha lile likitajwa, moyo hunyong'onyea kidogo, na mwaka uliofuata ulikuja ugonjwa wa korona, mipaka ikafungwa, na magoti yangu nayo yakatoa uamuzi wao.

Tuliporudi kutoka Katesh, usiku wa pili, mama watoto aliniambia nilete yale madaftari. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuyaomba, nami sikuwahi kumpa. Nilidhani hadithi ni kazi ya ofisini. Nilimsomea. Alinisahihisha jina la mto, na mahali ambapo nyumba ya chifu ilikuwa, na akacheka nilipomwelezea baba yake bila kumtaja. Zilituchukua jioni nne. Nilipofunga daftari la mwisho alikaa kimya, akachochea moto.

"Na ile ya mtoto iko wapi?" aliuliza.

Nilimwambia sijaiandika.

"Huwezi kuiandika," alisema. "Hukuwapo. Chukua kalamu nikuambie zile siku tatu."