Fimbo Isiyo na Siri

Maandishi tusiyojua kuyasoma tunayapa heshima ambayo barua ya kudaiwa kodi ya nyumba haiipati hata siku moja. Ile barua tunaielewa, ndiyo balaa lake. Lakini mtu akikuta alama ngeni zimechongwa kwenye jiwe au kipande cha mti, moyo humwambia papo hapo kwamba pana hazina, laana, au walau jina la mfalme. Sijawahi kumsikia anayekisia kwamba huenda ni orodha ya vitu vya kununua.

Msomi aliyelipia gharama kubwa ya tamaa hiyo ni Finnur Magnússon, mtu wa Iceland aliyefanya kazi Copenhagen. Huko Runamo, kusini mwa Sweden, kuna mwamba wenye mistari iliyojikunjakunja mithili ya maandishi. Mwanahistoria Saxo Grammaticus aliutaja yapata mwaka 1200, akasimulia kwamba Mfalme Valdemar wa Denmark alituma watu wakainakili, wakarudi bila kuambulia kitu. Mwaka 1833 wataalamu walitumwa tena kutoka Denmark, Finnur akiwa miongoni mwao. Alirudi na mchoro wa mwamba, akahangaika nao hadi siku moja ya mwaka 1834 alipojaribu kuusoma kutoka kulia kwenda kushoto. Maneno yakaanza kumiminika: shairi zima, kwa mizani ya kale, juu ya mfalme Harald na vita vya Bråvalla. Akalichapisha katika kitabu kinene mwaka 1841. Miaka mitatu baadaye Jens Jacob Worsaae, kijana wa miaka 23, akaonyesha kwamba mistari yote ile ni nyufa za mwamba wenyewe. Hapakuwa na mkono wa mtu.

Watu wakamcheka Finnur, na mimi naona walimwonea kidogo. Hakuwa mjinga. Alizijua runi, herufi za kale za Skandinavia, kuliko karibu kila mtu wa zama zake, na hapo ndipo aliponasa. Aliyezoea herufi zinazounganishwa, zinazogeuzwa, zinazosomwa upande huu na ule, anao uhuru mwingi mno. Mpe huo uhuru na hamu ya kutosha, hata ufa wa ukuta wa choo utamghania utenzi. Na tangu mwanzo Saxo alishamhakikishia kwamba pale pana maneno. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyapata tu.

Finnur ndiye aliyenijia akilini nilipookota fimbo ya kutembelea hapa Bergen, Norway, ninakoishi. Bendi za shule huku huandaa masoko ya vitu vikuukuu kuchangisha fedha, na jioni vile vilivyokosa mnunuzi watu hujichukulia bure. Ilikuwa fimbo ya mti mgumu, imeng'aa kwa kushikwashikwa, na chini ya mpini imechongwa alama sita. Ya kwanza ni kama msalaba uliolala kiubavu, ya nne ni mshale unaoelekea juu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliiona kwenye simu akiwa Tanga, akakunja uso. "Shemeji, hiyo irudishe ulikoitoa. Kitu kimeandikwa na usiyemjua, kwa maandishi usiyoyajua, halafu unakilaza ndani?" Sikumlaumu. Kwetu kikaratasi chenye michoro isiyosomeka, kikikutwa kimefukiwa mlangoni, hakuna anayedhani kimewekwa kukutakia heri. Sikumwambia kwamba simu aliyoishika tayari ina runi mbili: ile alama ya Bluetooth ni H na B za mfalme Harald Blåtand wa Denmark, zimefumwa pamoja. Jirani yangu, Mnorwe mstaafu, yeye alitaka iwe ya Waviking, na alitaka hivyo kwa moyo wote.

Nilianza na lile lisilo na mvuto. Wakulima wa huku zamani walikuwa na fimbo za kalenda, upande mmoja wa kiangazi unaoanza tarehe 14 Aprili, wa pili wa baridi unaoanza tarehe 14 Oktoba, na nyingine za Sweden zilichongwa runi saba zinazojirudia kwa siku za wiki. Yangu haikuwa na kinachojirudia. Nikapanga alama zile kwa mfumo wa kale wa runi wenye herufi 24, moja moja, bila kugeuza wala kuunganisha: G, O, D, T, U, R. God tur. Ni salamu anayopewa hapa kila anayefunga kamba za viatu kwenda mlimani: matembezi mema.

Na hapo umri wake ukajianika. Mfumo wa herufi 24 uliachwa Skandinavia kwenye karne ya 8. Waviking walitumia herufi 16, hawakuwa na G wala D ya peke yake. Na hilo neno tur asili yake ni Kifaransa, liliingia huku karne nyingi baadaye. Hakuna zama za kale ambazo herufi hizi na neno hili vingekutana. Aliyechonga alikuwa na kitabu cha runi mezani, na pengine runinga sebuleni.

"Kumbe feki," jirani alisema, akairudisha ukutani.

Nilimbishia, na bado nambishia. Jiwe la Kensington, alilolionyesha mkulima Olof Ohman huko Minnesota mwaka 1898, limechongwa runi zenye tarehe ya mwaka 1362, na wataalamu wengi wanaona lilichongwa karne ya 19. Hilo ni feki kwa sababu linajisemea umri. Fimbo haikudai kitu. Uzee tuliivika sisi, kisha tukaikasirikia kwa kuuvua.

Isitoshe, jirani angeshuka tu hadi bandarini. Mwaka 1955 sehemu ya nyumba za mbao za Bryggen, pale bandarini, iliungua, na wachimbaji walioingia baada ya moto wakatoa ardhini maandishi ya runi yapatayo 670, mengi kwenye vijiti vya karne ya 12 hadi ya 14. Kabla ya hapo runi zilijulikana zaidi kwa mawe ya ukumbusho, ya wakubwa na marehemu. Vijiti vya Bryggen vimejaa vibandiko vya mizigo: mali ya fulani, ya fulani. Mmoja anakumbuka kwamba Ingebjørg alimpenda alipokuwa Stavanger. Kingine ni ujumbe kwamba Gyda anasema urudi nyumbani, na upande wa pili pamechongwa jibu ambalo hadi leo halisomeki. Wengi wanadhani mwenyewe alikuwa ameshalewa.

Shemeji nilimpigia kumweleza. Akauliza mara mbili kama ni hilo tu, nikamwambia ni hilo tu. Kimya kidogo, kisha akasema baba mkwe goti linamsumbua, nikija likizo niibebe. Ila nimwandikie tafsiri kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, awe nayo kwenye baraza ya msikiti watakapoanza kumuuliza.