Macho Yalinidanganya Msituni

Wasomaji wapenzi, huenda baadhi yenu mnaikumbuka insha yangu iliyotoka katika gazeti hili muhula uliopita. Niliipa jina "Mauaji ya Mlimani". Walimu waliisifu, ikasomwa mbele ya darasa, nami nikavimba kichwa. Leo naandika tena juu ya jambo lile lile, kwa sababu nimetambua kwamba nilihukumu kabla ya kuuliza, na hukumu yangu ilimwumiza mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Nilipokwenda nyumbani likizo, basi letu lilitoka Lushoto likapita katika msitu wa asili wa Magamba. Wanaoifahamu njia hiyo wanajua uzuri wake. Kuna baridi na kivuli, mashina makubwa yamevaa koga la kijani, na pengine mbega huonekana wakiruka juu kwa juu. Tulipofika upande wa Shume, kwenye shamba la Serikali la misindano, ambayo wengi huiita mipaina, nikaona kilima kizima kimefyekwa. Hapakusimama hata mti mmoja. Palikuwa na visiki, matawi makavu, udongo mtupu, na lori linapakia magogo. Machozi yalinilengalenga. Nikaandika kwamba watu wale wameuvua mlima nguo, na kwamba mwenye kushika msumeno hana haya.

Mwenzangu mmoja hakuisifu insha ile. Baba yake hufanya kazi ya msumeno wa mnyororo katika shamba hilo hilo. Tangu siku ilipotoka aliacha kukaa nami wakati wa chakula. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani ni wivu.

Likizo iliyofuata nilimsomea babu yangu insha hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, na juu ya Magamba umeandika nini?"

Nikamjibu, "Nimeandika kwamba ni msitu mzuri, Babu, ambao haujaguswa na mkono wa mtu."

Hakunena neno. Asubuhi yake aliniamsha mapema, tukafuata njia ya kuni iliyo kando ya msitu. Akasimama penye bonde dogo refu, lililojaa majani makavu na kuzungukwa na madege. Mahali hapo nimepapita mara nyingi tangu utoto wangu, na siku zote nilidhani pameumbwa hivyo.

"Hili ni shimo la kupasulia mbao," akasema. "Nililichimba mimi pamoja na wenzangu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gogo huwekwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu, mwingine huingia chini, wakavuta msumeno kwa zamu. Mimi nilikuwa wa chini, na unga wa mbao uliniingia machoni kutwa nzima. Kibali chetu kilikuwa cha miti miwili. Sisi tulikata saba."

Akanieleza kwamba mti waliotafuta ni mkulo, wenye mbao imara na harufu nzuri. Waligonga shina kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Ukilia kama ngoma, una uvungu ndani, wakauacha. Ukiwa mzima na umenyooka, wakauangusha. "Basi angalia," akasema, "tulichagua kila kilicho bora, tukauachia msitu vilema. Mkulo hukua polepole. Mahali pa ile tuliyoiondoa pameota miti ya mbao laini. Lakini kwa kuwa hatukukata yote, mpita njia haoni kitu. Anaona kijani tu, anasema msitu haujaguswa."

Akaongeza kwamba hata yeye hakuwa wa kwanza. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani walikuwa na kiwanda cha mbao huko Shume. Walishusha mbao za mtarakwa kwa kamba za chuma zilizotandazwa hewani, mpaka stesheni ya reli ya Mkumbara iliyo bondeni.

Nilirudi nyumbani kimya. Sanduku ninalolitumia hapa shuleni, ambalo nimejivunia kwa harufu yake, ni la mkulo. Sikuuliza lilitoka katika mti wa ngapi.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa Jiografia mambo hayo. Akaniambia kwamba hata Marekani watu wamebishana sana juu yake. Katika jimbo la Montana, kwenye msitu wa Bitterroot, wananchi walichukizwa kuona milima imefyekwa na kuchongwa matuta kama ngazi. Mwaka 1970 wataalamu wa chuo kikuu, wakiongozwa na Arnold Bolle, walitoa ripoti iliyoilaumu kazi ile. Mwaka 1976 Bunge la nchi hiyo likatunga sheria iliyotaka, pamoja na mambo mengine, eneo linalofyekwa liwe na kipimo, na umbo lake lifuatane na umbo la ardhi. Hapo macho ya watu yalifanya kazi njema. Lakini mwalimu akaongeza kwamba kando ya barabara nyingi za huko uliachwa ukanda mwembamba wa miti, ili msafiri asione kilichokatwa nyuma yake. Niliposikia hayo nikalikumbuka shimo la babu.

Basi nikamwendea mwenzangu yule, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo nyumbani kwetu, ujionee." Nilikwenda Jumamosi moja. Alinipeleka kwenye kipande kilichofyekwa miaka miwili iliyopita. Mama yake alikuwa akipalilia viazi na maharage, na kati ya mistari ilisimama miche ya misindano iliyopandwa kwa kamba. Wakulima hupewa vipande hivyo kwa miaka michache, wakaitunza miche wanapopalilia mazao yao, mpaka kivuli kizidi. Baba yake akaniambia kwa upole, "Mwanangu, miti hii ilipandwa ili ivunwe, kama mahindi. Tofauti ni kwamba mahindi hayangoji miaka ishirini na zaidi."

Wasomaji wenzangu, sisemi kwamba kufyeka kilima ni jambo jema kila mahali. Kilima kilichofyekwa kisipandwe tena, au kilichofyekwa mpaka ukingoni mwa mto, ni hasara, na anayekitazama kwa uchungu ana haki. Wala sisemi kwamba kuchagua miti michache ni ubaya siku zote. Nasema kwamba uzuri na ubaya tunaouona barabarani hautoshi kutoa hukumu. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Macho na yatuamshe, lakini baada ya kuamka yatupasa tuulize: Je, kilichokatwa kinarudishwa? Kimekatwa kwa kibali, na kwa hesabu ya kibali hicho? Udongo na maji vimesalimika?

Leo Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, na kukata mti humo ni marufuku. Babu yangu husema ni vizuri, ingawa kwake marufuku hiyo ilichelewa. Ameniruhusu niandike habari zake, kwa sharti kwamba nisizipambe.

Kwa mwenzangu na wazazi wake, maneno yangu ya muhula uliopita nayafuta. Twakula tena meza moja.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu